Behewa Lililokwenda Lenyewe

Ile treni haikuwa na harufu. Hilo ndilo lililonishangaza kwanza, kabla hata sijajua kwamba haina dereva. Tulikuwa safarini kwenda hija, watu wa Ruangwa na Nachingwea tuliochanganywa kundi moja, tukashushwa kwenye kiwanja cha ndege cha nchi ya watu ili tubadilishe ndege. Kiwanja kikubwa mno, hata kutoka mlango mmoja kwenda mwingine watu wanapandishwa treni humo humo ndani. Milango ya vioo ikafunguka, tukaingia na mabegi yetu, ikajifunga, na sauti ya mwanamke asiyeonekana ikasema maneno kwa lugha mbili tatu nisizozijua. Nikavuta pumzi. Nilikuwa natafuta grisi, moshi, jasho la mtu, chuma kilichoshinda juani. Hakuna hata kimoja. Kulikuwa na ubaridi tu, kama mtu amefungua jokofu jipya ambalo bado halijawekwa kitu.

Mwanangu Issa akaniongoza mpaka mbele kabisa, maana anajua napenda kuona niendako. Huko mbele nilitegemea kukuta chumba cha dereva. Palikuwa na kioo kipana, mtoto mmoja wa Kihindi amekibandikia pua, na ng'ambo ya kioo njia imenyooka.

"Dereva wake anakaa nyuma?" nikamuuliza Issa.

"Haina dereva, mama. Inajiendesha yenyewe."

Bi Mwanahamisi wa Chunyu, ambaye tangu tuondoke Dar es Salaam hakuwa amefunga mdomo, akadakia, "Labda kaenda kuswali, maskini wa Mungu. Tumsubiri, jamani, haraka ya nini?"

Wenzetu wakacheka. Treni ikaondoka bila kuguna. Issa akaniona nimekaza mikono kwenye ule mti wa chuma wa kushikia, akainama sikioni kwangu akanieleza kwamba treni hii ina macho yake ya mashine, kwamba wapo watu wamekaa chumbani huko mbali wanaiangalia, na kwamba akitokea mtu kasimama njiani yenyewe inamwona na kusimama. Aliposema hilo la mwisho ndipo machozi yaliponitoka.

"Mshike mama, anaogopa," Bi Mwanahamisi akasema, safari hii bila mzaha, akanishika mkono yeye mwenyewe.

Sikuogopa. Treni ya namna hiyo naijua tangu sijamaliza kung'oka meno ya utoto. Baba yangu aliuawa na behewa lililokwenda bila mtu wa kuliendesha. Kijiji kizima kilijua kwamba amekufa. Mimi nilichojua ni kwamba lipo behewa linalokwenda lenyewe na kwamba baba yuko nalo, na kwa miezi kadhaa nililisubiri limlete nyumbani. Issa simlaumu, hakuwahi kuambiwa. Sikuwahi kumwambia mtu. Sasa nimerudi kwangu Matambarale, huku Ruangwa, jembe langu nimelishika kama kawaida, lakini kila nikiinama kwenye ufuta naiona ile njia iliyonyooka nyuma ya kioo. Basi nimeona niandike. Ninyi wa rika langu, mlioiwahi reli yetu kabla haijang'olewa, mtanielewa upesi kuliko watoto wangu.

Kijiji chetu kilikuwa chini ya tuta la reli, si mbali na Nachingwea mjini. Wazungu waliijenga reli ile kwa ajili ya mashamba yao ya karanga, karanga zikawashinda, reli ikabaki inabeba korosho na ufuta na mihogo mikavu na abiria wenye kuku mapajani. Treni ikipita, vyungu vya mama vilitikisika kwenye uchaga. Mama yangu, Somoe binti Mtopela, alikuwa anavishika kwa mkono mmoja bila kuacha kuongea, kama mtu anayemtuliza mtoto aliyelala.

Baba aliitwa Bakari Likanga. Hakuwa mtu wa pale. Alitoka upande wa Marambo akaja kuoa kwetu, na kama ilivyokuwa desturi yetu akajenga kwa watu wa mkewe, chini ya jicho la mjomba wangu Hamisi, kaka yake mama. Kwetu sisi mjomba ndiye mwenye watoto. Baba alikuwa na reli. Alikuwa kibarua kwenye genge la kutengeneza njia, wale wanaopita wakigonga misumari na kubadilisha mataruma yaliyooza, yale magogo yanayolala chini ya reli. Watu wa genge lake nawakumbuka wote: Mzee Likokola aliyekuwa mnyapara wao, Saidi Mnali, Athumani Chitanda, Yohana Namwambe, na Manueli, Mmakua mmoja mrefu aliyekuwa anawaimbia wakati wa kunyanyua vyuma. Jioni baba alirudi ananuka grisi mpaka kwenye nywele. Mama alimwekea maji ya moto nyuma ya ua na kumkimbia kwa ukelele, "Usinishike! Usinishike, Bakari, utanipaka treni!" Naye baba anamfuata na mikono yake ile ile, mimi nachekelea hadi tumbo linauma.

Halafu ikasemwa kwamba reli hailipi. Nani alisema sikujua, watoto tulisikia tu wakubwa wanarudia neno hilo kwenye baraza. Treni zikawa chache, zikakoma. Genge la baba likapewa kazi nyingine, kuing'oa njia ile ile waliyokuwa wanaitunza. Walianza huku mwisho, kwetu, wakaelekea pwani. Kila reli waliyoing'oa waliipakia kwenye mabehewa ya wazi, na mabehewa yenyewe yalisimama juu ya reli ambazo bado hazijang'olewa, kisha yanavutwa mbele kidogo, wanang'oa tena. Kwa hiyo kila siku baba alikuwa anaiondoa njia iliyokuwa nyuma yake, njia ya kurudia nyumbani. Hilo nimelifikiria ukubwani. Wakati ule nilimuuliza tu mnazipeleka wapi.

"Baharini," akanijibu. "Zikaoshwe. Huoni zilivyo na kutu? Zikitakata tutazirudisha."

"Mtaoshea sabuni?"

"Sabuni kipande kimoja. Reli ni nyingi, itabidi tubane."

Mama akafumba mdomo asicheke. Mimi nikaamini, kwa nini nisiamini? Nguo chafu zinapelekwa mtoni na zinarudi.

Mwanzoni alikuwa analala nyumbani. Kisha kambi ikasogea, akawa anakuja Alhamisi jioni kwa miguu, anaondoka Ijumaa baada ya swala. Kisha kambi ikawa mbali zaidi, kule ambako nchi inaanza kuteremka kuelekea pwani, na baba akawa anakuja mara moja moja, amekonda, viganja vimepasuka. Mara ya mwisho alinibebea msumari wa reli, mnene kama kidole gumba chake, akasema nimwekee. Aliondoka asubuhi akitembea juu ya tuta tupu, kwenye kokoto, na kwa kuwa tuta liko juu nilimwona muda mrefu.

Walikuja wawili, Saidi Mnali na Athumani Chitanda. Ilikuwa baada ya adhuhuri, mama yuko kisimani. Nilifurahi kuwaona nikachungulia nyuma yao kumtafuta baba. Athumani alikuwa ameshika furushi la nguo. Hawakunitania kama siku zote. Saidi alikuwa na tabia ya kuniita "mke wangu" na kuniuliza nimempikia nini, siku hiyo aliniwekea tu mkono kichwani akauliza yuko wapi mjomba. Mjomba Hamisi alipotoka akanitazama na kusema, "Wewe nenda kacheze." Nilikwenda mpaka nyuma ya ua wa kuogea, nikakaa pale. Majani ya ua yalikuwa makavu na yanawasha shingo. Nilisikia sauti zao vizuri.

"Kabari ya behewa ilichomoka," Saidi alikuwa anasema. "Sisi tuko tunakunywa uji. Tunasikia tu chuma kinalia."

"Nani alikuwa analisukuma?" mjomba akauliza.

"Hakuna mtu aliyeligusa, mzee. Wallahi hakuna. Lilikwenda lenyewe."

"Limejaa?"

"Limejaa reli. Likaanza polepole, polepole, halafu likachanganya mwendo. Bakari likaenda naye. Likaenda naye mpaka bondeni."

Mjomba akauliza kwa sauti ndogo wamemweka wapi, na Athumani akajibu kule kule kambini, watu wa kijiji cha pale wamewasaidia, mambo yote yamefanywa kama inavyotakiwa. Hilo la kuwekwa kambini halikunishtua. Akili yangu ilikuwa imebaki kwenye lile behewa. Nililiona behewa waziwazi, jekundu la kutu, limejaa, linaondoka bila injini na bila kusukumwa, na baba amekaa juu yake miguu inaning'inia, upepo umeingia kwenye shati lake. Mpaka bondeni! Nilimwonea wivu. Nikasema moyoni, baba amepata behewa lake, sasa hatatembea tena kwa miguu.

Kabla mama hajarudi kutoka kisimani mjomba aliniita. Macho yake yalikuwa mekundu nikadhani ni moshi. Akamwita binamu yangu Rashidi, akamwambia anipeleke kwa Mama Mkubwa Halima, dada yake mama, aliyekuwa ameolewa huku upande wa Ruangwa. "Mwambie akae naye mpaka nitakapotuma mtu. Mpitishe njia ya mashambani." Wengi wenu mnaijua desturi hiyo, mtoto mdogo anaondolewa kwenye nyumba yenye msiba asione watu wazima wakigaragara chini. Tukapita mashambani. Rashidi hakusema neno njia nzima, na mimi niliongea kwa niaba ya wawili. Mama Mkubwa naye alikuwa akinilisha mbaazi na njugu na kunitazama, ananitazama halafu anakwenda jikoni.

Niliporudishwa, mama yuko ndani. Hatoki. Amevaa nguo nyeupe, kichwa kimefunikwa, na Bibi Nachilongo, mkongwe wa ukoo wetu, amehamia na kitanda chake, anakaa mlangoni. Chakula kinaingizwa, maji yanaingizwa, wanaume hawaingii. Mama alinivuta akanikumbatia muda mrefu, nikasikia mbavu zake. Nilipotoka nikamuuliza Bibi Nachilongo, "Mama anaumwa?"

"Haumwi."

"Mbona hatoki?"

"Anatakiwa akae ndani."

"Kama mwali?"

Yule bibi akaacha kutafuna ugoro wake. Alinitazama, akatazama chini. "Eeh," akasema. "Kama mwali."

Hapo ndipo nilipopotea kabisa, wala simhesabii kosa. Alikuwa anamwonea huruma mtoto. Lakini sisi watoto wa kike wa kwetu tulijua mwali ni nini. Tulikuwa tumemwona Mwajuma wa nyumba ya pili alipowekwa ndani wakati wa unyago, hatoki, haonwi na wanaume, mwanamke mzee yuko naye usiku na mchana, mpaka siku ile alipotolewa amekogeshwa, amepakwa mafuta, amevikwa nguo mpya, watu wamejaa uani, vyakula, vigelegele, na ndugu zake wa mbali wote wamekuja kumpokea. Eda sikuijua. Kwa hiyo nilipanga mambo kichwani mwangu yakapangika vizuri sana. Mama kawekwa ndani kama mwali. Siku moja atatolewa. Siku hiyo atakuja mtu wa mbali kumpokea. Na mtu wa mama aliye mbali ni nani?

Yupo aliyejaribu kuniambia. Hadija Nambuta, rafiki yangu, tulikuwa tunatwanga mchanga kwenye makopo tukicheza kupika, akasema tu kama anayesema mvua itanyesha, "Babako kafa. Mama kasema."

Nikamng'ata mkono. Alipiga yowe watu wakatoka. Mjomba Hamisi alinikamata sikio akaniuliza kwa nini namng'ata mwenzangu kama mbwa.

"Kasema baba kafa! Muongo! Kama kafa kaburi lake liko wapi?"

Maana nilikuwa nimekwenda kuangalia. Makaburini kwetu hapakuwa na udongo mpya, majani yalikuwa yamelala yote sawa. Mjomba aliliachia sikio. Watu wote walikuwa wamesimama wanamtazama, na kwa desturi yeye ndiye aliyepaswa kulisema jambo lile, hakuna mwingine. "Hadija ni mtoto," akasema mwishowe. "Hajui." Akaondoka kwa hatua ndefu kuelekea shambani, na jembe amelisahau ukutani. Nilimtolea Hadija ulimi.

Ukubwani nilipata kujua kilichotokea. Mjomba alidhani Mama Mkubwa Halima amekwishanieleza kule Ruangwa, na aliponikuta sijui akashindwa, akasema ngoja Somoe atoke ndani amwambie mwenyewe. Mama naye mle ndani alidhani mjomba amekwisha kuniambia. Kila mmoja alimwachia mwenzake, wote kwa mapenzi, na mimi nikapita katikati yao na behewa langu.

Nikaanza kazi. Tuta lilikuwa limeshika majani tangu reli zilipoondolewa, manyasi yanatoka kwenye kokoto na miche ya miiba inaanza kusimama. Mtaniuliza behewa litapita wapi na reli hazipo. Nililiwaza hilo. Nikaona kwamba kitu kisichotaka injini wala mtu wa kukiendesha, reli nayo kitaitakia nini? Kinataka njia safi tu. Kwa hiyo kila nikimaliza kuteka maji nilipanda tutani, nang'oa. Nilianzia mbele ya nyumba yetu nikaenda upande wa pwani. Kokoto zilikuwa za moto mchana, nilijifunza kusimama kwa vidole. Mikono ilinuka majani mabichi na kutu, maana kutu ilikuwa imebaki kwenye mawe, mistari miwili myekundu, pale reli zilipolala miaka yote.

Wapita njia walinitania. "Huyu mtoto wa Somoe serikali itamwajiri!" "Zainabu, ukimaliza hapo njoo na kwangu, nina shamba zima la magugu!" Nilicheka nao nikaendelea. Siku moja alipita Mzee Nampembe, mpika chumvi wa zamani, ana mzigo wa mihogo begani. Akasimama.

"Mjukuu wangu, unamsafishia nani?"

"Behewa la baba. Linakwenda lenyewe. Mama akitolewa ndani, linamleta."

Mzee yule hakucheka. Alishusha mzigo wake polepole, akauweka chini. Nilidhani amechoka. Akapiga magoti kwenye kokoto, yeye na umri wake ule, akang'oa mche wa mwiba uliokuwa umenishinda, akang'oa na mwingine, akajipangusa, akajitwika mihogo yake na kwenda zake bila kuniaga. Mkono wake ulikuwa unatoka damu. Siku hiyo nilimwona ni mtu mwema anayependa kusaidia kazi.

Jioni niliingia kwa mama nikiwa na siri yangu. Sikumwambia, nilitaka ashangae. Nilimchezea, nikamwimbia nyimbo za Manueli, nikamchekesha. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Mara nyingine aligeuzia uso ukutani.

Siku ya kutoka ikafika. Nilijua kwa harufu kabla ya kuambiwa, mchele na nazi vinachemka alfajiri, na majani yaliyochemshwa ya kumkogeshea mama. Wanawake walikuja na vyungu vyao, Mama Mkubwa Halima alifika kutoka Ruangwa, hata Saidi Mnali alikuja akakaa pembeni ya wanaume. Mimi nilivaa gauni langu la Idi, nikajipaka mafuta miguuni mpaka vidole vikang'aa. Hapakuwa na vigelegele wala ngoma, nikasema moyoni wanamsubiri baba ndipo waanze. Nikachoropoka, nikapanda tutani, nikaketi mwisho kabisa wa sehemu niliyoisafisha, natazama upande wa pwani.

Jua lilipanda. Kokoto zilianza kuchoma kupitia gauni. Mbali kule, joto lilikuwa linacheza juu ya tuta, linafanya kama maji, na mara kadhaa niliona kitu chekundu kinakuja. Nilisimama. Nikaketi. Nyuma yangu nilisikia watu wananiita, "Zai! Zainabuu!" sikuitika. Nilikuwa nasikiliza chuma.

Aliyekuja ni mama. Alikuwa anapanda tuta kwa shida, miguu imesahau kutembea, mkono ameuweka juu ya macho kwa sababu ya mwanga. Amevaa khanga mpya, ananukia mafuta. Mbali chini niliwaona wanawake wamesimama wanataka kumfuata, na Bibi Nachilongo amenyoosha fimbo yake kuwazuia. Mama alikuwa amekasirika, nadhani. Siku yake ya kutoka, mwanawe hayupo.

"Unafanya nini huku, Zai? Watu wote wanakutafuta."

"Namsubiri baba."

Nikaona labda hakusikia. "Si leo umetoka? Leo ndiyo anakuja. Nimemsafishia njia yote, angalia, kuanzia pale nyumbani."

Aliangalia. Aliiangalia njia yote, kokoto tupu bila jani hata moja, mpaka mbele ya nyumba yetu. Akaketi kwenye mawe na khanga yake mpya.

"Nani amekwambia anakuja?"

"Nilisikia mwenyewe. Saidi alimwambia mjomba. Behewa lilikwenda lenyewe, likaenda naye mpaka bondeni. Sasa si linarudi?"

"Mjomba wako hakukwambia kitu?"

"Kitu gani?"

"Mama Mkubwa?"

"Alinipa mbaazi."

Mama akaweka kiganja mdomoni. "Na mimi," akasema, si kwangu, "na mimi nilikuwa nakuona unacheka, unaimba. Nikasema moyoni, mtoto huyu kamsahau baba yake upesi namna hii. Nilikuchukia, Zai. Mungu anisamehe, kuna siku nilikuchukia."

Nikamwambia kaketi kwenye kokoto za moto, asogee kwenye kivuli cha mgongo wangu. Akasogea. Kisha akaokota kokoto moja, ya mviringo kidogo, akaiweka ukingoni mwa tuta, pale linapoanza kuteremka. Aliizuia kwa kijiti.

"Hili ni behewa," akasema. "Limejaa reli, zito. Hapa ni mlimani. Hiki ni kile kipande cha mti wanachokiweka chini ya gurudumu lisiondoke. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Akachomoa kijiti. Kokoto ikakaa kidogo, kama inafikiri, kisha ikaanza. Polepole, halafu mbio, ikarukaruka, ikaingia kwenye majani huko chini na kunyamaza.

"Ndivyo lilivyokwenda. Hakuna aliyeliendesha, na hakuna wa kulisimamisha."

"Na baba alikuwa juu yake," nikasema.

"Hapana, mama." Wakati mwingine aliniita mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. "Baba alikuwa mbele yake. Alikuwa ameinama njiani anafungua msumari. Alikuwa ameligeuzia mgongo."

Niliangalia pale kwenye majani. Nilitafuta ile kokoto kwa macho sikuiona, zilikuwa nyingi na zote zinafanana. Nikauliza kama baba alisikia. Mama akasema Saidi anaapa kwamba hakusikia. Nikauliza kaburi liko wapi, akanionyesha kwa mkono upande ule ule niliokuwa nautazama tangu asubuhi, akasema liko huko, siku moja atanipeleka. Alinipeleka kweli, lakini hiyo ilikuwa baadaye sana.

Sikulia pale. Mama alijaribu kunibeba, mimi mtoto mkubwa na yeye hana nguvu, akanibeba hivyo hivyo, miguu yangu inagonga magoti yake, tukashuka tuta. Uani watu walikuwa wamekwisha kupakua wali kwenye sinia. Mjomba Hamisi alipotuona alisimama. Akamtazama mama, mama akamtikisia kichwa tu, na nikaona mjomba wangu, mtu mkali yule, anaketi tena chini.

"Habari zilikuwa hazijamfikia," mama akasema. "Leo ndiyo zimemfikia."

Nadhani hapo ndipo nilipopiga ukelele wangu wa kwanza. Sikumbuki ulivyotoka. Nakumbuka Saidi Mnali alifunika uso kwa kofia yake, na Mzee Nampembe akageuka kutazama ukuta. Wale wanawake walikuwa wamekuja kumtoa mjane ndani, kilio chao walikwisha kukilia zamani wakakimaliza, wana nguo za sherehe na mikono ina mafuta ya nazi. Mjomba akasema, "Ondoeni chakula. Tandikeni mikeka."

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Sinia zikafunikwa zikaingizwa ndani. Mikeka ikatandikwa uani, wanawake upande huu, wanaume upande ule, kama siku ile ya kwanza ambayo mimi nilipitishwa njia ya mashambani nisiione. Wakavua mapambo yao. Wakakaa chini, wakanyoosha miguu. Mama akanilaza kichwa mapajani pake. Na Bibi Nachilongo, aliyekuwa ameniambia kama mwali, akajifunika khanga kichwani, akaanza kulitaja jina la baba yangu kwa sauti ya kilio, Bakari, Bakari Likanga, Bakari wetu, polepole, akisimama kila mara, ili na mimi niweze kumfuata.